Maji ya Siku Ile

2 Juni

Daktari amenipa mpaka theluji. Hakusema hivyo. Alisema moyo umechoka na kwamba tutaangalia tena vuli ikifika, lakini nimefundisha watoto miaka thelathini na nane, namjua mtu anayeficha jibu chini ya kiwiko.

Börje amekuja leo, mtoto wa marehemu kaka yangu Valfrid. Yeye ni mwenyekiti wa kila kitu hapa Granskär: kamati ya utamaduni, wenye hisa za maji ya kijiji, hata chama cha wawindaji. Ifikapo Januari manispaa yetu itafutwa na kuunganishwa na mji, ambako wengi husema Kifini, si Kiswidi kama sisi, na hawajui hata kutamka majina ya visiwa vyetu.

"Baba mdogo," akasema, "tunataka kukichapa upya kitabu chako kabla hatujafa."

"Nani anakufa?"

Akaona haya. "Manispaa."

Anataka dibaji ya kurasa mbili, mwisho wa Agosti. Nimekubali. Kitabu chenyewe kinaeleza jinsi watu walivyokuja kukaa pwani hii, tangu wale wawindaji wa sili waliolala chini ya mashua zilizopinduliwa. Nilikiandika nikiwa na miaka arobaini na nne. Watu wanakiweka kabatini pamoja na Biblia. Ukurasa wa arobaini na moja una kosa, na kosa hilo nimeligeuza uongo kwa kulinyamazia miaka arobaini na saba. Ndiyo maana nimenunua daftari.

3 Juni

Kusi inavuma. Nimelala mchana kutwa.

9 Juni

Nguvu zimerudi kidogo. Niandike sasa, zisije zikaondoka.

Nilipozaliwa, mahali ninapolima viazi palikuwa bahari. Hili si jambo la ajabu kwetu. Nchi inainuka, bahari inajiondoa, sentimita nane na nusu kila miaka kumi, na kila kizazi hujenga mabanda ya mashua upya, nje zaidi. Banda la babu yangu limo msituni sasa, misonobari imelizunguka, na bado lina harufu ya lami na nyavu. Nikiwa na miaka sita nilipiga kasia hapa kwenye shamba langu, mama amekaa nyuma na kapu la mkate mweusi mapajani, tukienda kuwachukua akina shangazi waliokuwa wakikata matete kwa ajili ya ng'ombe. Ukiniuliza nyumbani kwetu ni wapi, nitakuonyesha maji ambayo hayapo.

Sasa, nchi mpya ikitokea baharini, ni ya nani? Ni ya nyumba zile zilizokuwapo wakati wa Ugawaji Mkuu, mwaka 1781, mashamba ya kijiji yalipopimwa na kila nyumba kupewa hisa. Waliokuja baada ya hapo hawana kitu majini. Ndiyo sheria, na kila mtoto wa Granskär anaijua kabla hajajua kufunga viatu.

Familia ya Skata, ng'ambo ya ghuba, daima walisema walikuwapo kabla ya Ugawaji, ila mpimaji aliwaruka kwa sababu wanaume walikuwa barafuni wakiwinda sili. Hawakuwa na karatasi. Walikuwa na pete ya chuma tu, iliyopigwa kwenye mwamba wao, ya kufungia mashua. Pete kama hiyo hupigwa usawa wa maji. Nchi ikiinuka, pete nayo inapanda. Ukijua iko juu ya bahari kiasi gani, unajua ilipigwa lini.

Oktoba 1964 Anselm Skata alikuwa ameshapeleka dai lake kwa wenye hisa. Mimi nilikuwa namalizia kitabu. Nikasema nitakwenda kuipima ile pete, nimalize ubishi. Nikaenda siku moja baada ya dhoruba, kwa haraka, maana mchapaji alikuwa akinisubiri. Nikapata sentimita tisini na tano. Hesabu ikanipa mwaka 1852. Nikaandika kwenye ukurasa wa arobaini na moja kwamba akina Skata walifika miaka sabini baada ya Ugawaji.

Lakini bahari yetu hii haina kujaa na kupwa kila siku kama bahari nyingine. Ni upepo unaoisukuma. Dhoruba ikitoka kusini, maji hupanda na kukaa juu siku mbili tatu bila mtu kuyaona, kwa kuwa yametulia. Siku ile yalikuwa sentimita themanini juu ya wastani. Ilitakiwa nisome nguzo ya vipimo gatini kisha nijumlishe. Sikusoma. Mimi, niliyeandika ubaoni kila vuli: Usipime kutoka maji ya leo.

Kitabu kilitoka Februari. Machi, Anselm akaondoa dai lake. Mei nilipita pale mwambani kwa mashua, maji yakiwa ya kawaida, nikaona pete iko karibu na uso wangu. Mwaka uliopita nilikuwa nimeipigia magoti.

Nchi mpya iligawanywa Agosti. Nilikuwa na miezi mitatu ya kufungua mdomo. Ukanda uliokuwa uwe wa Skata ukaenda kwa kaka yangu, na kaka yangu akanipa mimi kipande cha kujenga bafu la mvuke na kulima viazi.

Yatosha.

10 Juni

Miguu imevimba. Mhudumu wangu amenifokea.

17 Juni

Disa ni mhudumu wa wazee, anakuja asubuhi na jioni kunivisha soksi za kubana na kuhesabu vidonge vyangu. Ana miaka hamsini na saba, alikuwa mwanafunzi wangu, dhaifu wa hesabu na hodari wa mdomo. Nimemwomba anisomee nguzo ya gatini kila anapopita.

"Ya nini, Mwalimu? Unataka kuogelea?"

"Nataka kwenda mwamba wa Skata maji yakiwa kwenye wastani kamili."

"Na mimi nataka mume tajiri. Tutaona nani ataanza."

Leo: kumi na nane juu ya wastani.

18 Juni

Ishirini na moja juu.

19 Juni

Ishirini na tatu. Mvua.

25 Juni, siku ya katikati ya kiangazi

Kila mwaka siku hii nampelekea Hjördis, binti wa Anselm, viazi vipya vya kwanza. Vidogo kama mayai ya ndege, ngozi inatoka kwa kidole. Nimefanya hivyo tangu 1966. Hakuna mwaka nilioacha, hata ule niliofiwa na mke. Watu husema Mwalimu ana moyo.

Zamani vijana walikuwa wakisimamisha mlingoti wa majani uwanjani, fidla tatu zikipigwa, wasichana wakirudi nyumbani bila kusema neno na maua saba mikononi, wayalalie wamwote mume. Mwaka huu mlingoti umesimamishwa na trekta la Börje. Disa alinipeleka kwa gari.

Hjördis ana miaka themanini na nne, mgongo umenyooka kama kasia. Alichemsha viazi palepale, akatia bizari na siagi, akatoa samaki wa heringi wa chumvi. Tukala barazani.

"Vya mwaka huu vitamu," akasema.

"Udongo ule mzuri."

"Udongo wa bahari," akasema. "Hauna mawe. Baba alikuwa akisema ukipanda hata msumari utaota." Akanimiminia kahawa. "Mbona huli, Evald?"

Nikala.

4 Julai

Kumi na tano juu.

5 Julai

Kumi na tano.

11 Julai

Kumi na mbili. Joto. Nimeandika mistari minne ya dibaji kuhusu wawindaji wa sili: jinsi walivyokaa barafuni wiki sita, jinsi wake zao walivyokuwa wakipanda juu ya paa jioni kutazama. Mistari mizuri. Nimeichana.

19 Julai

Nimeanguka bafuni. Sijavunjika. Disa alinikuta nimekaa sakafuni.

"Umekaa muda gani hapo?"

"Tangu habari za saa moja."

"Na kengele ya shingoni ni pambo?"

Nilisahau kuwa ninayo. Siku hizi nakumbuka sauti ya makasia ya baba kuliko kitu kilichoko shingoni mwangu.

28 Julai

Tisa juu. Nilisema tusubiri.

Disa alikuwa ananivutia soksi. Akaacha katikati. "Mwalimu, hebu nikuulize. Maji yakiwa tisa juu, si unapima, kisha unajumlisha tisa?"

Nikajaribu kuivuta soksi mwenyewe.

"Ndivyo ulivyotufundisha. Ulinisimamisha ubaoni nusu saa kwa hesabu hiyohiyo, nikalia. Sasa unasubiri wastani wa nini?"

Hakuna aliyewahi kunikamata hivyo. Wiki sita nimesubiri maji ambayo siyahitaji. Nilikuwa nikiomba, bila kujiambia, theluji ije kwanza.

6 Agosti

Tumekwenda. Disa aliazima mashua ya shemeji yake, akanishusha ndani kama gunia, akaniwekea mto. Maji yalikuwa sita juu, yametulia, na upande wa mashariki mawe mapya yalikuwa yametokeza ambayo mwaka jana hayakuwapo. Nilifurahi kama mtoto kuyaona. Nitakufa na hayana majina bado.

Pete ipo. Imeliwa na kutu, imebaki nyembamba kama kidole cha mwanamke. Disa alisimama ndani ya mashua na kipimo.

"Mia mbili na tisa. Ongeza sita. Mia mbili na kumi na tano." Akafikiri, midomo ikicheza. "Ondoa nchi iliyoinuka tangu sitini na nne. Arobaini. Mia moja sabini na tano." Akahesabu tena kwa vidole. "Hiyo si 1852, Mwalimu. Hiyo ni kama 1758."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo walikuwapo kabla."

"Ndiyo. Nimelijua tangu sitini na tano."

Alikaa. Mashua ikazunguka polepole, hakushika kasia.

"Anselm Kabla," akasema mwishowe.

Kitabu kilipotoka kijiji kilimpa jina hilo. Kwa kuwa alikuwa akisema kila mahali, *sisi tulikuwa hapa kabla*, wakamwita Anselm Kabla. Kwenye kahawa baada ya kanisa: kaa hapa, Kabla. Chukua sukari, Kabla, au umeshachukua kabla?

"Tulikuwa tukimwimbia," Disa akasema. "Alipopita shuleni na baiskeli yake. Mimi nilikuwa darasa la nne. Dirisha lako lilikuwa wazi."

"Lilikuwa wazi."

"Ulikuwa unasikia?"

Niandike hapa kile nilichomjibu. Nilisikia. Siku ya kwanza niliinuka kwenda kuwakataza, nikafika mlangoni, nikarudi kukaa. Niliogopa mmoja wao angeniuliza: kwani Mwalimu, si kweli?

Disa alipiga makasia mpaka gatini bila kunitazama. Alinivalisha soksi jioni kwa mikono ya upole kama siku zote. Hilo liliniumiza zaidi.

7 Agosti

Mvua ya mawe. Disa hakutania.

15 Agosti

Nimemwambia Börje. Alikuwa amesimama jikoni na kofia mkononi.

"Baba mdogo, pete ni chuma tu. Mtu angeweza kuipiga juu akitaka."

"Juu ya kichwa chake? Afunge nini, mwezi?"

"Ninasema hakuna uhakika. Na ukiandika haya kwenye dibaji, watu watasoma. Nchi ilishagawanywa. Kuna nyumba za likizo pale, wajukuu wa watu wanaogelea pale. Kwa nini tumalizie manispaa yetu kwa ugomvi?" Akaishusha sauti, akawa kama nilivyomjua akiwa mdogo. "Na baba yangu? Watasema Valfrid alikula cha watu."

"Valfrid hakujua. Mimi nilijua."

"Watu hawatatenganisha."

Yuko sahihi. Hawatatenganisha. Alipoondoka alinikumbatia, jambo ambalo wanaume wa kwetu hawalifanyi, akasema nipumzike.

16 Agosti

Usingizi hauji vizuri. Namkumbuka Valfrid akinifundisha kuteleza kwenye barafu changa, ile inayopinda chini ya mguu bila kuvunjika. Alikuwa akitangulia, mimi nafuata, akisema usisimame, ukisimama tu umekwisha.

27 Agosti

Leo nimekwenda kwa Hjördis. Disa alisubiri garini, vioo vikiwa vimepandishwa.

Hjördis alikuwa gatini kwake akifua mazulia, kama wanawake wetu wanavyofanya kabla vuli haijaingia: zulia limetandazwa kwenye mbao, sabuni ya utomvu, brashi ya mkono mrefu. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nikamwambia yote. Dhoruba, tisini na tano, Mei, miezi mitatu, dirisha.

Hakuacha kusugua. Nilipomaliza alimwaga maji, akakunja zulia, akaanza jingine. Nilidhani hakusikia.

"Baba alikwenda kuipima," akasema. "Kitabu kilipotoka. Alichukua fimbo, akapiga alama, akarudi, akaiweka fimbo mezani. Mama akamuuliza, vipi? Akasema, kwangu mimi inatoka ndefu kuliko ya Mwalimu. Mama akasema, basi waambie. Akasema, Mwalimu ana kifaa. Mimi nina fimbo."

Brashi ilikwenda na kurudi.

"Kisha akasema, labda babu alitudanganya. Hilo ndilo alilokufa nalo, Evald. Si ukanda wa nchi. Sisi tulikuwa na samaki, hatukufa njaa. Alikufa akiamini baba yake mwenyewe alikuwa mwongo."

Nilisema nitaandika kwenye dibaji. Nitaandika kila kitu, na tarehe, na vipimo.

Hapo ndipo aliposimamisha brashi. "Uandike, kisha ufe. Kitabu kitoke Krismasi, watu wasome na kahawa, waseme, maskini, Mwalimu alikuwa mkweli mpaka mwisho. Hapana. Wewe utasema. Kwa mdomo. Nyumba ya kijiji, kwenye kikao cha wenye hisa, walipomcheka."

"Sijui kama nitafika kikao."

"Basi usife," akasema, akamwaga ndoo.

Nilimwuliza, nikijua sistahili, kama vile viazi…

"Viazi nitaendelea kuvila," akasema. "Sasa najua ni vyangu."

1 Septemba

Sijampa Börje dibaji. Amepiga simu mara mbili.

5 Septemba

Naishi kwa kijiko. Uji, kidonge, uji.

8 Septemba

Baridi ya kwanza imepiga majani ya viazi usiku, yamelala meusi. Disa amechimba vilivyobaki, akapakia magunia mawili na kuyapeleka ng'ambo bila kuniuliza. Amerudi akasema Hjördis amepokea, hakusema asante, na kwamba hivyo ndivyo ilivyotakiwa. Ameanza kutania tena. Amesema nikifa kabla ya kikao atanipeleka hivyohivyo na kuniketisha mstari wa mbele.

12 Septemba

Daktari anataka nilazwe mjini. Nimesema baada ya kikao. Akauliza kikao gani kinachoweza kuwa muhimu hivyo. Nikamwambia cha maji.

18 Septemba

Kikao kilikuwa jana. Naandika kidogokidogo, nikipumzika kila mistari mitatu.

Nyumba ya kijiji haijabadilika: jiko la chuma, picha za vijana wa 1911 wamevaa kofia, wengi wao walikwenda Amerika na hawakurudi. Watu kama arobaini. Nilimfundisha kila mmoja aliyezidi miaka arobaini. Hjördis alikaa mbele, koti limefungwa vifungo vyote, ingawa hana hisa na hana haki ya kuwapo. Hakuna aliyemwambia atoke.

Börje alifungua kikao. Aliniona, akawa mweupe. Angeweza kunipita, ajenda ilikuwa mkononi mwake. Aliiweka mezani kisha akasema, "Mwalimu ameomba neno." Nitalikumbuka hilo kwa siku zilizobaki.

Disa alinisimamisha. Nikasema. Nilikuwa nimeandika karatasi lakini sikuitumia. Nikasema nilipima pete ya Skata katika maji ya dhoruba bila kusoma nguzo. Kwamba akina Skata walikuwa hapa kabla ya Ugawaji. Kwamba nililigundua wakati bado kulikuwa na muda, na nikanyamaza kwa sababu niliogopa aibu na kwa sababu nilifaidika.

Kisha sauti nyuma, nadhani ya Ragnvald wa dukani, si kwa ubaya: "Huku nyuma hatusikii, Mwalimu."

Pumzi ilikuwa imeniisha. Nilimtazama Hjördis. Alikuwa ananitazama, wala hakufanya lolote. Nikarudia, kwa sauti kubwa zaidi.

"Ulisema walikuwa hapa lini?"

"Kabla," nikasema. Na hilo neno likaning'inia ndani ya nyumba ile, kila mtu akalisikia, na wazee watatu wanne wakainamisha macho. Nikasema mara ya tatu, yote, tangu mwanzo, nikishikilia kiti.

Katibu, kijana mmoja wa mjini anayetuandikia kumbukumbu, alikuwa ameinua kalamu. Akamgeukia Börje. "Niandike vipi? Kwamba familia fulani…"

Hjördis alisimama. "Andika jina la baba," akasema. "Anselm Isak Skata. Andika kwamba alisema kweli, na baba yake alisema kweli."

Börje akasema, "Andika."

Kalamu ikaanza kwenda. Nyumba nzima ilikuwa ikiisikiliza. Nilikuwa bado nimesimama. Hakuna aliyeniambia niketi.